Meno ya Kahawia

Kama umekulia Arumeru, Hai au Siha, jambo hili unalijua. Mtu anacheka, mara anaweka mkono mdomoni. Anaficha meno yake. Meno hayo yana rangi ya kahawia. Mengine yana madoa meupe kama chokaa, na mengine yana vishimo vidogo. Akisafiri kwenda Dar es Salaam, watu humcheka. Husema ni mchafu, hapigi mswaki.

Maneno hayo si ya kweli. Unaweza kupiga mswaki asubuhi na jioni maisha yako yote, na rangi hiyo isitoke. Haikupakwa juu ya jino. Imo ndani ya jino lenyewe.

Rangi hiyo inatoka wapi?

Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro ni milima ya volkeno. Katika miamba na udongo wa milima hiyo mna madini yanayoitwa floridi. Mvua ikinyesha, maji hupenya ardhini, hupita katika miamba hiyo, nayo huchukua floridi. Kisha hutokea tena katika chemchemi na visima. Maji hayo huweza kuwa maangavu, baridi na matamu. Floridi huwezi kuiona.

Floridi kidogo ni nzuri. Huimarisha meno yasioze, ndiyo maana hutiwa katika dawa nyingi za meno. Ikizidi ndipo inapoleta madhara. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isiwe na floridi zaidi ya miligramu 1.5. Visima na vijito vingi vya Arumeru, kama kile cha Maji ya Chai, hupita sana kipimo hicho.

Sasa angalia jambo hili. Mwalimu amehamia kijijini kwenu kutoka Tanga akiwa mtu mzima. Anakunywa maji yale yale unayokunywa wewe, miaka kumi sasa. Mbona meno yake ni meupe? Sababu ni kwamba meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi wakati mtu bado ni mtoto mdogo, tangu kuzaliwa mpaka kama miaka minane. Meno ya mbele hujengwa mapema zaidi. Mtoto akipata floridi nyingi katika miaka hiyo, jino hutoka likiwa na doa tayari. Mwalimu yule alipofika, meno yake yalikwisha kujengwa.

Kuna na magadi. Magadi tunayotia katika makande na maharage ili yaive upesi yana floridi nyingi. Ninaposema hivi darasani akina mama hununa kidogo, na wana haki, maana makande bila magadi hula kuni. Lakini mahindi na maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi zaidi. Chakula cha mtoto mdogo hasa kisitiwe magadi.

Daktari wa meno anaweza kufanya nini?

Mtu mzima mwenye meno ya kahawia asikate tamaa. Aende kwa daktari wa meno katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kwanza daktari ataangalia kama rangi ni ya floridi kweli. Tumbaku, ugoro na chai nyingi pia hutia meno rangi, na ugaga hushika karibu na ufizi. Rangi ya namna hii iko juu ya jino, na daktari akiyasafisha meno huondoka siku ile ile.

Kama ni floridi na doa si la ndani sana, daktari huweza kukwangua tabaka jembamba la juu kwa dawa maalumu. Tabaka hilo ni jembamba kuliko ukucha. Dawa hiyo ina tindikali, kwa hiyo daktari hukinga ufizi kwanza. Baadaye huweza kupaka dawa ya kung'arisha meno. Dawa hii huleta ganzi kwa siku chache, yaani meno huuma ukinywa kitu cha baridi au cha moto. Kwa kawaida hupoa.

Kama jino lina vishimo au ni jeusi sana, kukwangua hakutoshi. Hapo daktari hupaka juu ya jino dawa ya kuziba yenye rangi ya jino, kisha huigandisha kwa taa ya buluu. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayowafaa watu wengi, kwa sababu jino halichongwi sana, na dawa ikibanduka hutiwa tena. Njia nyingine ni gamba jembamba la kaure linalogandishwa mbele ya jino, au kofia inayofunika jino lote. Hupendeza sana, lakini ni ghali. Tena kwa kofia jino huchongwa pande zote, na jino likichongwa halioti tena. Uliza bei kabla kazi haijaanza. Uliza pia kazi hiyo itadumu muda gani.

Usikubali haya

Wako watu sokoni wanaosugua meno kwa msasa, mchanga au maji ya betri. Usikubali hata kama ni bure. Jino litaonekana jeupe kwa muda, kisha tabaka lake gumu litakwisha na utaumwa kila ulapo. Wako pia wanaotaka kung'olewa meno mazima ili watiwe ya bandia yaliyo meupe. Jino la kahawia lenye mizizi imara linatafuna vizuri kuliko jino la bandia. Usiling'oe kwa ajili ya rangi.

Watoto wanaokuja

Floridi nyingi haishii katika meno. Mahali ambapo imezidi mno, huharibu mifupa. Miguu ya watoto hupinda, na migongo ya wazee hukakamaa. Kwa hiyo maji ni jambo la kijiji kizima.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi hubaki mle mle. Maji ya mvua ndiyo salama zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa karibu hayana floridi. Kama bati lako ni safi na una tangi dogo tu, wawekee watoto wadogo maji hayo. Maziwa ya mama pia yana floridi kidogo sana, hata kama mama anakunywa maji ya kisima.

Iko pia njia ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mifupa huchomwa katika tanuri maalumu, wala si motoni tu jikoni, na mkaa huo huchoka. Usipobadilishwa kwa wakati, maji hupita na floridi yake.

Kama hamjui maji yenu yana floridi kiasi gani, chukueni chupa safi ya plastiki, isuuzeni kwa maji ya kisima hicho, kisha ijazeni. Andikeni juu yake jina la kisima, jina la kijiji na tarehe. Ipelekeni ofisi ya maji ya wilaya, nayo itaipeleka maabara.