Mlinzi na Mvamizi: Riwaya ya Kisayansi Mbele ya Uzio wa Mwadui

Katika bunilizi ya kisayansi kuna kisa kinachorudiwa mara nyingi: sayari iliyozungukwa na silaha, hazina ya kale iliyomo ndani yake, na kundi dogo la watu wanaoingia kwa siri kuichukua. Msomaji huambiwa kwamba mambo hayo ni ya nyota za mbali. Mwanafunzi aliyekulia Shinyanga ana haki ya kutoshangaa.

Mwadui, katika Wilaya ya Kishapu ya leo, ndipo mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, alipogundua mwamba wa almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, naye akaitoa kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Mji mzima ulijengwa ndani ya uzio, ukiwa na shule, hospitali na uwanja wake wa ndege. Nje yake yalibaki mashamba ya pamba na malisho ya Wasukuma. Vijana wanaopenya uzio huo usiku kuutafuta mchanga wa almasi huitwa mitaani wabeshi. Katika taarifa rasmi huitwa wavamizi.

Neno hili la pili lastahili kuchunguzwa. Mvamizi latokana na kitenzi vamia, kama vile mwokozi litokavyo katika okoa: ile l ya kale iliyodondoka katika kitenzi yarejea ikiwa z mbele ya kiambishi -i. Mlinzi nalo, kutoka linda, limeundwa kwa kiambishi hichohicho. Kwa umbo, basi, mlinzi na mvamizi ni ndugu. Kwa maana wametengana, kwa kuwa kuvamia kwadai kwanza pawepo mwenyeji anayevamiwa. Mchimbaji, kwa kiambishi -aji, hudai kazi tu. Hasemi ardhi ni ya nani.

Tofauti hiyo si ya sarufi peke yake. Bulyanhulu, Kahama, maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wakifukua dhahabu kwa mikono yao hadi walipoondolewa katikati ya mwaka 1996 ili kumpisha mwekezaji. Mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2001, mtu aliyerudi penye duara lake la zamani hakuwa mchimbaji tena. Shimo halikuhama, kilichohama ni kiambishi. Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza mwaka 2000, mvutano umekuwa hata juu ya magwangala, yaani mawe ya mabaki yanayomwagwa baada ya dhahabu nyingi kutolewa. Mwenye mgodi huyaita taka, na bado huyalinda. Si rahisi kumweleza mwanakijiji mantiki ya kulinda taka.

Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na asilimia 75 ya hisa za Mwadui, ilitangaza mapatano ya takriban pauni milioni 4.3 na watu waliokuwa wamefungua madai huko Uingereza. Ilikiri kwamba yalitokea ndani ya eneo la leseni matukio yaliyoleta vifo, majeraha na mateso kwa wachimbaji haramu, bila kukubali dhima ya kisheria. Hata katika kukiri huko, waliofidiwa waliendelea kubeba kivumishi chao.

Hapa ndipo riwaya inapokuwa na la kufundisha, na pia inapopungukiwa. Katika visa vingi vya aina hii mporaji hutoka mbali, na sayari ni kama haina watu: kuna mizinga na hazina, basi. Arkady na Boris Strugatsky, ndugu wawili wa Urusi, waliandika kinyume chake mwaka 1972. Katika riwaya yao Eneo lenye vitu vya ajabu vilivyoachwa na wageni wa angani limezingirwa na askari, na wanaoingia kuviiba ni wakazi wa mji ulio kando yake. Wanaingia kwa sababu ya mahitaji ya nyumbani, na wengine hawarudi. Riwaya hiyo, kuliko nyingi za vita vya sayari, ingesomeka vyema Kishapu.

Mfasiri atakayeitia katika Kiswahili atakutana na swali la awali. Wezi wale awaite nani? Haramia lanuka bahari. Mporaji lina hukumu tayari. Mvamizi ni lugha ya mlinzi. Wabeshi lingefaa, ila ni la mahali pamoja, na msomaji wa Lamu huenda asilitambue. Frederick Johnson, alipofasiri kisa cha Rider Haggard cha almasi zilizofichwa, kilichochapishwa mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, hakubanwa na swali hilo, kwani mashujaa wake walikuwa Waingereza na hakuna aliyewaita wavamizi.

Katama Mkangi alikwisha kuipita njia nyingine mwaka 1995. Dzombo, mhusika wake aliyehukumiwa kufa, anarushwa angani ndani ya chombo na kufika katika sayari isiyomhesabu kuwa adui. Jina la sayari hiyo ndilo jina la riwaya, Walenisi, na likikatwa vipande husomeka: wale ni sisi.