Gari Likishtuka-shtuka Mlimani: Uliza Kwanza, Nunua Kipuri Baadaye

Na Mwandishi Wetu, Rugerero

Barabara kuu inayotoka Gisenyi kwenda Musanze na Kigali hupita Rugerero, kisha huanza kupanda kuelekea Nyundo na Mahoko. Ni hapo gari langu lilipoanza vituko. Kwenye tambarare lilikuwa linakwenda bila neno. Nikikanyaga mafuta ili kupanda, linavuta, linaachia, linavuta tena, mfano wa mtu mwenye kwikwi. Nyuma yangu lori, mbele kona, na watoto wa shule wanatembea pembeni.

Wiki moja kabla, fundi wa kwanza aliniambia ni pampu ya mafuta. Hakupima chochote. Nilitoa fedha nilizoweka kwa ajili ya karo ya mtoto, pampu ikabadilishwa, na kesho yake gari likashtuka palepale. Wenye magari wengi wanaijua hadithi hii: unanunua vipuri kimoja baada ya kingine huku ukibahatisha, na ugonjwa unabaki.

Fundi wa pili, hapa Rugerero, hakufungua boneti kwanza. Aliuliza maswali.

“Bosi, linashtuka likiwa baridi au likishapata moto? Kwenye mlima tu, au hata ukisimama? Linashtuka wakati wa kubadili gia? Taa ya injini imewaka? Mara ya mwisho uliweka mafuta wapi?”

Kila swali lilikuwa na kazi yake. Gari linaloshtuka wakati wa kubadili gia tu huenda lina tatizo la gia boksi: mafuta yake yamepungua, yamechoka, au yaliwekwa ya aina isiyofaa. Kwa gari la gia za mkono, angalia klachi na raba zinazoshika injini. Gari linalotetemeka likiwa limesimama mara nyingi linavuta hewa mahali pasipotakiwa, kwa mfano kwenye mpira uliopasuka. Lakini linaloshtuka likibeba mzigo au likipanda mlima, shuku mambo mawili kwanza: moto wa plagi au mafuta yanayofika kwenye injini.

Sababu ni rahisi kuelewa. Injini ikifanya kazi nzito, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche huhitaji umeme wenye nguvu zaidi ili iruke. Plagi iliyochakaa au koili yenye ufa inaweza kumudu tambarare, ikashindwa mlimani. Vivyo hivyo mafuta: filta iliyoziba hupitisha ya kutosha ukienda polepole, lakini injini ikidai zaidi, hayafiki.

Mwinuko nao una sehemu yake. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara hii ikifika Nyabihu inapita mita 2,000. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Magari ya kompyuta hujirekebisha yenyewe, lakini ya kabureta yaliyotegeshwa pwani huchoma mafuta mengi kuliko hewa, hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Filta ya hewa iliyojaa vumbi huongeza shida.

Fundi akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikatoa namba P0303. Mafundi wanaozijua namba hizi husema P0300 ni injini inayomisi bila silinda moja maalumu, P0301 ni silinda ya kwanza, P0303 ni ya tatu. Lakini hakusema, “Nunua koili.” Alisema namba inaonyesha pa kutafuta tu, haijathibitisha kitu.

Alichofanya hakikugharimu hata faranga moja. Alizima injini, akatoa koili ya silinda ya tatu akaiweka ya kwanza, na ya kwanza akaipeleka ya tatu. Akafuta namba, tukapanda tena kuelekea Nyundo. Gari likashtuka, mashine ikasoma P0301. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili. Kama ungebaki silinda ya tatu, angehamisha plagi, kisha angepima nozeli.

Tulinunua koili moja na plagi nne. Pampu ya zamani, iliyokuwa bado kwenye buti, aliipima: nzima.

Swali lake kuhusu mafuta halikuwa la bure pia. Ng'ambo ya mpaka, mashariki ya Kongo, wauzaji wa mafuta ya chupa na madumu barabarani huitwa makadhafi. Mafuta ya aina hiyo, popote yanapouzwa, yanaweza kuwa na maji au uchafu. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, na huko ndiko pampu inakovuta. Gari likianza kushtuka muda mfupi baada ya kujaza, usifungue injini kabla ya kuangalia mafuta.

Jambo jingine nililojifunza ni majina. Dereva wa Dar es Salaam anaomba plagi, wa Goma anaomba buji, na hapa Rubavu buji ndiyo inayosikika zaidi. Petroli kwa Mnyarwanda ni lisansi, kwa Mkongomani esansi. Dizeli ni mazutu. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, eneo hili lote ni jumuiya moja kwa maandishi, lakini dukani unaweza kurudishwa mikono mitupu kwa sababu ya neno. Dawa ni moja: nenda na kipuri cha zamani mkononi, na namba iliyoandikwa juu yake.

Mwisho, usalama. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, nenda taratibu hadi kwa fundi. Ikipepesa huku gari linashtuka, punguza mwendo, ondoka barabarani, zima. Mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye ekzosi na kuharibu kifaa cha kusafisha moshi, ambacho bei yake inaweza kupita ya koili mara nyingi. Na kamwe usijaribu kupita lori mlimani kwa gari linalomisi. Nguvu inaweza kukatika ukiwa upande usio wako.

Karo nililipa kwa kuchelewa. Sasa fundi yeyote akinitajia kipuri, namuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: umejuaje?