Chumvi ina kazi nyingi nje ya sufuria, ila kila kazi ina kipimo chake

Katika nyumba nyingi za Kyela, kuanzia Ipinda hadi Matema, mafuta yanaweza kuisha na sukari ikaisha, lakini chumvi haikosekani. Bei yake ni nafuu, haiozi, na dukani ipo mwaka mzima. Wengi tunaijua kwa kukoleza mboga. Wanaoishi kando ya ziwa wanaijua pia kwa kuhifadhia samaki na kusugulia utelezi wa kambale.

Katika makala hii tunaeleza kazi nyingine nne za chumvi hiyo hiyo, na ya kwanza inaweza kuokoa uhai wa mtoto. Zote zinafanana kwa jambo moja: kipimo kikikosewa, kazi inaharibika.

1. Kumrudishia maji anayeharisha

Masika mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inapofurika, maji machafu huingia visimani na magonjwa ya kuhara huongezeka. Anayeharisha hapotezi maji peke yake, anapoteza pia chumvi ya mwili. Ndiyo maana maji matupu hayamtoshi. Chumvi kidogo ikiwa pamoja na sukari, utumbo huzivuta zote mbili kwa pamoja, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu.

Jambo hili lilithibitika wakati wa shida kubwa. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijazana katika kambi ya Bangaon, India, kipindupindu kikawaingia, na maji ya dripu yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi, sukari ya glukosi na magadi ya kupikia. Vifo vilishuka kutoka karibu wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya 4.

Leo dawa hiyo ipo kwenye pakiti za ORS, katika zahanati na maduka ya dawa. Tafuta pakiti kwanza, kwa sababu vipimo vyake vimeshapangwa. Ukiwa mbali, au barabara imekatwa na maji, tengeneza nyumbani:

- Maji safi lita 1, yaliyochemshwa yakapoa. Huna kipimo? Tumia chupa mbili za nusu lita.
- Sukari vijiko 6 vya chai, vilivyosawazishwa juu kwa kisu.
- Chumvi nusu kijiko cha chai, kilichosawazishwa vilevile.

Koroga hadi viyeyuke, kisha onja wewe kwanza. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga, tengeneza mengine. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, na sukari ikizidi inaongeza kuharisha.

Mpe kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apate robo hadi nusu kikombe cha chai, na mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Maji haya hayachukui nafasi ya zahanati. Mpeleke mtoto haraka ukiona macho yamedidimia, analia bila machozi, amelegea, hawezi kunywa, au choo kina damu. Mtu yeyote, mkubwa au mdogo, akiharisha choo cheupe chepesi kama maji uliyooshea mchele, huenda ni kipindupindu. Msisubiri kupambazuke, na njiani mwendelee kumnywesha. Mkifika, ulizeni pia vidonge vya zinki kwa ajili ya mtoto.

2. Kuchagua mbegu ya mpunga

Mkulima anayetumia mbegu aliyohifadhi mwenyewe anajua adha ya mapepe. Kupepeta kunaondoa mapepe makavu, lakini punje zilizojaa nusu hubaki. Wakulima wa Japani wamekuwa wakizichuja kwa maji ya chumvi tangu karne ya 19.

Weka maji kwenye ndoo na tumbukiza yai bichi ambalo ni jipya. Litazama. Litoe, tia chumvi, koroga, kisha lirudishe. Rudia hivyo hadi yai lielee na kuonyesha sehemu ndogo ya ganda juu ya maji. Hapo acha kuongeza, maana chumvi ikizidi hata punje nzuri zitaelea.

Toa yai, mimina mbegu, koroga. Zinazoelea ziondoe, zilizozama ndizo za kupanda. Zisuuze mara moja kwa maji safi, mara tatu, kwani chumvi ikibaki inazuia kuota. Maji hayo usiyamwage bustanini. Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa haihitaji kazi hii.

3. Kuzima mafuta yaliyoshika moto

Mawese au mafuta ya alizeti yakiwaka kwenye sufuria, usimwage maji hata kidogo, kwa sababu yataurusha moto usoni na hadi darini. Funika kwa mfuniko, vuta kuni au zima jiko kama unaweza bila kuungua. Moto ukiwa mdogo na mfuniko haupo, mwagia chumvi nyingi, pakiti nzima ikibidi. Hapa kijiko hakitoshi. Usitumie unga, nao huwaka.

4. Kusukutua koo

Koo likiwasha, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu kinatosha. Sukutua, tema, usimeze. Watoto wadogo wasitumie, kwa sababu watayameza. Koo lenye homa kali, au mtu anayeshindwa kumeza, ni la kupeleka zahanati.

Mahali chumvi isipotakiwa

Aliyekunywa sumu asinyweshwe maji ya chumvi ili atapike, inaweza kumuua. Usiweke chumvi kwenye jeraha la nyoka, jichoni, wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Na kwa chakula, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi iliyo ndani ya samaki wakavu. Kuzidisha kunapandisha shinikizo la damu.

Itunze

Nunua chumvi yenye madini joto, yanayokinga rovu na kusaidia ubongo wa mtoto kukua tangu akiwa tumboni. Madini hayo hupotea kwa jua, unyevu na moto mkali. Weka chumvi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa jiko, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.

Hapo kwenye chombo cha chumvi, weka pia kijiko kimoja cha chai kisichotoka jikoni. Usiku mtoto akianza kuharisha, kipimo kitakuwa karibu.