Wati 12,000 Zinatoka Wapi?

Kiangazi kikifika na harusi zikaanza kufuatana kila Jumamosi, swali huwa lile lile: "Fundi, spika ya wati ngapi inatosha kinanda?" Muulizaji huwa keshapata jibu. Kaona dukani sabufa yenye taa za rangi, boksi limeandikwa 12,000W PMPO, na anachotaka kwangu ni baraka tu. Siitoi.

Igeuze hiyo sabufa uitazame mgongoni. Pale waya wa umeme unapoingilia pana kibandiko kidogo ambacho muuzaji hakuoneshi: 220V, 50Hz, 80W. Hizo 80 ndizo wati ambazo chombo kinachukua ukutani. Kinachokula wati 80 hakiwezi kutapika 12,000. Kingeweza, tusingehangaika na shirika la umeme, REGIDESO. Tungenunua sabufa moja tu, tukawasha mtaa mzima wa Kibenga hapa Bujumbura, hadi ziwani. Piga hesabu kinyumenyume pia: wati 12,000 kwa volti 220 ni zaidi ya ampea 54, na soketi ya nyumbani haikutengenezwa kupita 16. Bibi harusi angeingia ukumbini gizani.

Wauzaji wana utetezi wao. Hiyo, wanasema, ni nguvu ya kilele: kapasita zinahifadhi umeme kisha zinautoa kwa mpigo. Ni kweli, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na hata hapo si kwa maelfu hayo. PMPO haina kipimo kinachokubaliwa popote. Kila kiwanda hujipimia kinavyopenda. Wamarekani walichoshwa na mchezo huu zamani. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ilitoa kanuni kwamba anayetangaza nguvu ya amplifaya ya nyumbani lazima ataje ile ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Nusu karne baadaye, sisi bado tunauziwa kilele.

Na hakuna ala inayoumbua uongo huu kama kinanda. Uzi wa gitaa ukishakwanyuliwa, sauti huanza kufa papo hapo, na amplifaya inapumua. Mpiga kinanda wa kanisani anashikilia noti za ogani, anaweka violini juu yake, mchungaji anaomba na kuomba, na sauti haishuki. Kapasita zilimaliza akiba yake kabla ya "Amina" ya kwanza. Tena wengi wetu tunapiga na midundo iliyomo ndani ya kinanda, kwa hiyo ngoma, besi na piano vyote vinapita kwenye spika ile ile. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne iko kwenye hezi 41 hivi, na matoazi hupanda kupita hezi 10,000. Unaipa sabufa ya sebuleni kazi ya bendi nzima.

Ikilemewa, amplifaya hukata vilele vya mawimbi. Sauti iliyokatwa hivyo hujaa masafa ya juu ambayo kinanda hakikuyatoa, na yote hukimbilia twita, kile kispika kidogo cha juu, ambacho huungua. Ndiyo maana amplifaya ndogo huua spika kubwa, jambo ambalo watu hunibishia kila mara wakiwa wameshika twita iliyoungua mkononi. Kisha wanakwenda kununua boksi la 20,000.

Hata wati za kweli, zile za mfululizo ziitwazo RMS, hazikuambii sauti itakuwa kubwa kiasi gani. Ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, unahitaji karibu nguvu mara kumi. Namba ya kuulizia ni usikivu wa spika: hutoa desibeli ngapi ukiipa wati 1 na kuipima mita 1 mbele yake. Spika ya 90 ikipewa wati 1,000 hufika 120. Ya 98 hufika karibu hapo hapo kwa wati 150. Muuzaji asiyeijua namba hiyo hajui anachouza. Na bustanini kando ya ziwa, ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kila umbali ukiongezeka maradufu unapoteza desibeli 6. Zile 120 zinabaki 96 kwenye meza iliyo mita 16. Kwa hiyo inua spika juu ya vichwa na uisogeze karibu na watu kabla hujafikiria kuongeza chochote.

Sasa la kufanya. Kwaya au harusi ndogo: spika moja ya inchi 12 yenye amplifaya ndani yake, wati 300 za RMS, juu ya stendi. Ukiwa na spika moja, chomeka jeki kwenye tundu la kinanda lililoandikwa L/Mono. Ukichomeka kwenye R peke yake, vinanda vingi hukupa nusu ya piano. Amplifaya za kinanda kama Roland KC ni nzuri, zina miksa ndogo ndani, ila ni mzigo. Amplifaya ya gitaa, hapana: spika yake huishia karibu na hezi 5,000, na nje ya sauti ya piano ya umeme ya Rhodes haikusaidii. Ya besi, kwa dharura tu. Ukumbi ukiwa na mitambo yake, nenda na kisanduku cha DI cha kuunganisha kinanda na mitambo hiyo, maana waya wa jeki unaozidi mita 6 huokota mvumo, na dai spika ya kujisikilizia mwenyewe. Sauti ya kinanda iweke robo tatu, ndipo upandishe ya spika. Kama umeme ni wa jenereta, kinanda kipitie kwenye stabilaiza. Washa kinanda, kisha miksa, spika iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, spika itangulie. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, zima spika hapo hapo, usingoje urudi.