Gari Linalowaka Leo na Kugoma Kesho: Lipimwe Kwanza

Hitilafu ya umeme inayojitokeza na kutoweka humwingiza mlaji katika gharama kubwa, kwa kuwa vipuri hubadilishwa kwa kubahatisha. Hununuliwa betri, kisha oltaneta, kisha stata; baada ya wiki gari hugoma tena. Mara nyingi chanzo huwa kiungo kilicholegea au kuota kutu kwenye vichwa vya betri, au kwenye waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi.

Tunamshauri mlaji aandike hitilafu hutokea lini: alfajiri, injini ikiwa ya moto, au baada ya mvua. Kisha amtake fundi apime kwa mita kabla ya kutaja kipuri. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6. Stata inapozungusha injini, kipimo kisishuke chini ya volti 9.6. Injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.7. Vipimo vikiwa sawa, fundi atikise viungo kimoja kimoja huku akitazama mita. Namba ikiruka, kasoro imepatikana.

Fundi asiruhusiwe kuchomoa betri injini ikiwaka ili kujaribu oltaneta. Kitendo hicho chaweza kuunguza oltaneta yenyewe na vifaa vingine vya kielektroniki.

Mwisho, mlaji adai vipimo viandikwe kwenye risiti, na akabidhiwe kipuri kilichotolewa.