Nyuma ya Meli Kuna Siri Gani?

Kila ninapowapeleka wageni wetu Circular Quay hapa Sydney kuzitazama meli za kitalii, swali huwa lile lile: "Ghorofa zote hizo, mbona haipinduki?" Kwetu swali hilo si la mzaha. Tunaikumbuka MV Bukoba iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na Spice Islander iliyozama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011.

Mimi huwaambia watazame tezi, yaani nyuma ya meli. Carnival Adventure, inayoondokea hapa, ilijengwa Italia na kuanza kazi mwaka 2001 kwa jina la Golden Princess. Meli za ukoo huo zilijengwa na ukumbi ulioinuliwa juu kabisa ya tezi, mfano wa mpini wa toroli ya dukani. Mkubwa wao, Grand Princess ya mwaka 1998, alikuwa na disko humo. Mwaka 2011, kwenye chelezo cha Freeport, Bahamas, mafundi walilikata wakaliondoa.

Kwa nini? Uzito uliokaa juu na nyuma sana hudidimiza tezi na kuinua omo. Meli iliyokaa hivyo hukokota maji mengi na kunywa mafuta zaidi. Ukiuondoa, meli hukaa sawa, na kitovu cha uzito wake hushuka, kwa hiyo ikilazwa na wimbi hurudi wima kwa nguvu zaidi.

Njia nyingine ni kuongeza badala ya kupunguza. Meli ikiongezewa vyumba nyuma, mafundi huweza kuunga kipande usawa wa maji, kiitwacho mkia wa bata. Kipande hicho huibeba tezi iliyoelemewa. Pia hurefusha meli majini, hivyo maji huachana nayo taratibu bila kuivuta nyuma. Lakini nacho kina gharama yake: ikienda polepole, ule ubapa wa ziada husugua maji bure, na mawimbi yakija kwa nyuma huupiga kwa chini, abiria wa vyumba vya huko wakasikia mtikisiko.

Ndiyo maana mabadiliko makubwa hayaachiwi macho. Baada ya kazi hupimwa upya: uzito unaojulikana huhamishwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kisha hupimwa meli imeinama kiasi gani. Hapo ndipo hujulikana kitovu cha uzito kiko wapi.

Na zile ghorofa? Nyingi ni vyumba vitupu vya bati jepesi. Mitambo, mafuta, matangi ya maji na farumi vyote viko chini, karibu na mkuku. Wazee walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Utulivu wa chombo nao uko huko chini.

Hata hivyo, hesabu ya mafundi hutegemea mzigo uliokubaliwa. Spice Islander ilipakia watu kupita kiasi chake. Kwa hiyo mkienda likizo nyumbani na watoto, msiihofie meli kwa urefu wake. Ihofieni ile isiyohesabu abiria wake, na mkiona imejaa kupindukia, subirini nyingine.