Uigizaji unavyoinua hadithi tunayoijua: Suda na Arimura katika filamu ya Doi Nobuhiro

Aliyezoea filamu za mapenzi za Kijapani hahitaji kuambiwa mwisho wake. Mwaka 2004 peke yake zilitoka mbili zilizopata wafuasi wengi: Sekai no chūshin de, ai o sakebu ya Yukisada Isao, na Ima, ai ni yukimasu ya Doi Nobuhiro. Katika zote mbili kifo kiko kati ya wapendanao. Baada yake zikaja nyingine za mtindo huohuo: bahati inawakutanisha vijana, ugonjwa unawatenganisha, anayebaki anakumbuka. Ukishatazama tatu, ya nne unaweza kuisimulia kabla haijaanza.

Mwaka 2021 Doi alitoa Hanataba mitai na koi o shita, jina ambalo maana yake ni karibu na “nilikuwa na penzi lililofanana na shada la maua”. Mswada ni wa Sakamoto Yuji. Safari hii hakuna mgonjwa. Mugi na Kinu, wanafunzi wa chuo kikuu, wanakosa treni ya mwisho katika stesheni ya Meidaimae, Tokyo, mwaka 2015. Wanazungumza hadi alfajiri, wanapendana, wanapanga chumba pamoja karibu na mto Tama, wanapata kazi, wanachokana, wanaachana. Basi. Hata jirani yako anaweza kukusimulia hadithi hiyo, tena ya kwake mwenyewe.

Kwa nini basi inatushika? Sisi wa masomo ya lugha tuna mazoea ya kutafuta jibu katika maandishi, na Sakamoto anajua kuandika, sikatai. Lakini tuusome mswada huu bila huruma. Usiku wa kwanza wawili hao wanagundua kwamba wamevaa raba nyeupe za aina moja, wanasoma waandishi walewale, na kila mmoja alikuwa amenunua tiketi ya wachekeshaji walewale asiende. Bahati moja tunaikubali; ya tano inatia shaka. Tena mazungumzo yamejaa majina ya bendi, vitabu na michezo ya Kijapani ambayo mtazamaji wa Kongo, akifuata maandishi ya Kifaransa chini ya picha, hayajui hata moja. Kwa hesabu ya karatasi, tungechoka baada ya dakika ishirini.

Hatuchoki kwa sababu Suda Masaki (Mugi) na Arimura Kasumi (Kinu) hawaigizi majina hayo. Wanaigiza kusikiliza. Wajapani wana neno aizuchi kwa vile visauti ambavyo msikilizaji hutoa ili msemaji ajue kwamba yuko naye. Kiswahili nacho kina “enhe” na “ee” zake. Mtazame Arimura wakati Mugi anapotaja kitabu: jibu lake linaanza usoni kabla ya kinywani. Huna haja ya kumjua mwandishi aliyetajwa. Unachokiona ni mtu aliyezoea kuficha anachokipenda, na ghafla hahitaji kukificha tena. Nani hakijui kitu hicho? Bahati zile ambazo mswada umezirundika zinaaminika kwa kuwa wao wawili wanashangaa kweli.

Kisha visauti vilevile vinatumika kutuonyesha penzi likifa. Mugi alitaka kuishi kwa kuchora. Mteja aliyekuwa akimlipa yeni 1,000 kwa picha moja anataka kumpa yeni 1,000 kwa picha tatu, na Mugi anaingia kampuni ya usafirishaji mizigo. Kinu anaendelea kumwambia kuhusu vitabu na maonyesho, naye anaendelea kuitikia. Kwenye karatasi maneno yake bado ni ya upole. Ni sauti ya Suda inayoshuka, na jicho linalobaki kwenye kazi, vinavyosema kwamba hayupo. Katika duka la vitabu Kinu anataka kumwonyesha kitu, anamkuta amesimama akisoma kitabu cha mafanikio ya biashara. Arimura hafanyi lolote kubwa hapo: anamtazama tu. Kwangu pigo hilo linazidi ugomvi wowote wa filamu hii. (Wenzangu wa mwaka wa mwisho, ambao kila likizo tunaulizwa nyumbani tutakula nini kwa masomo haya, tazameni sehemu hiyo mkiwa mmeketi.)

Wanaofundisha pragmatiki wangeweza kulifanya somo zima kwa onyesho moja tu. Katikati ya ugomvi Mugi anatamka kwamba basi, waoane. Kwa sarufi ni posa. Kwa sauti ya Suda ni mtu anayefunga mjadala, na Kinu anaisikia sauti, si sarufi.

Lililo gumu kuliko yote ni onyesho la mgahawa. Siku ya harusi ya rafiki, kila mmoja akiwa ameshaamua kuachana, wanaketi katika mgahawa waliouzoea tangu mwanzo. Mugi anageuka. Anaomba waoane hata kama mapenzi yamekwisha: watapata watoto, watasukuma kigari cha mtoto, watatembea kando ya mto Tama wakishikana mikono. Ni ndoto ya kila tangazo la benki, na mwigizaji dhaifu angetufanya tucheke. Suda anayasema kama mtu anayejibembeleza mwenyewe, na usoni mwa Arimura tunaona kwamba Kinu anakaribia kukubali. Hapo tu ndipo kuna mashaka ya kweli katika filamu ambayo mwisho wake tunaujua.

Ndipo wanaingia vijana wawili (Kiyohara Kaya na Hosoda Kanata), wanaketi kwenye meza iliyokuwa ya Mugi na Kinu, wanaanza kutajiana bendi, kwa haya zilezile. Doi anawaacha waongee. Mugi na Kinu hawasemi kitu, wanasikiliza tu, kama usiku ule wa Meidaimae, na machozi yanawashinda. Rafiki niliyetazama naye alidai kulia ni kazi rahisi kwa mwigizaji. Sikubaliani naye: wanachokilia hakimo katika maneno yao bali katika maneno ya watu wengine, na ni lazima tukione kikiwafikia, neno kwa neno. Arimura alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya Japan Academy mwaka 2022. Mimi ningeitoa kwa dakika hizo pekee.

Mwishoni, mwaka 2020, Mugi yuko peke yake mbele ya kompyuta. Katika picha za barabarani za Google anawakuta watu wawili wakitembea kando ya mto, nyuso zimefifishwa kama zinavyofifishwa nyuso zote huko. Ni yeye na Kinu. Suda anaruka kwa furaha kama mtoto.